Utafiti wa mbu umenivuruga: nichukue pikipiki au nirudi shule?

Mtoto_wa_Cherehani: Wakuu, salaam. Nimemaliza shahada ya baiolojia mwaka jana. Mwaka wa tatu nilipangiwa utafiti wa usugu wa mbu kwa dawa ya vyandarua. Nilitaka mambo ya vyakula, nikanuna wiki nzima. Basi nikafuga viluwiluwi kwa chakula cha samaki, wakikomaa nawavuta kwa mrija, 25 kila bomba lenye karatasi ya dawa, saa nzima, kesho yake nahesabu maiti. Kwa kipimo cha WHO, wakifa chini ya asilimia 90 hao ni sugu. Wangu 100 walikufa 52. Nikarudia nikidhani nimekosea. 49. Usiku ule sikulala kwa furaha, huku naona aibu kufurahia habari mbaya kama ile.

Sasa kampuni ya dawa za binadamu inanitaka nizungukie zahanati na maduka ya dawa. Mshahara upo, pikipiki ipo. Msimamizi wangu anasema niombe uzamili. Mzee wangu fundi cherehani, wadogo zangu wawili bado wanasoma. Nishaurini, matusi hapana.

Kiroba77: Pikipiki, mkuu. Mbu hawaishi, utawakuta.

MamaMaabara: Kiroba acha utani. Mdogo wangu, mimi utafiti wangu ulikuwa wa udongo, Morogoro. Kupima nilipenda, kuandika ripoti nilichukia mpaka tumbo linauma. Uzamili sikwenda, nipo maabara ya maji mwaka wa tisa huu na sijutii. Wewe ulirudia kipimo bila kutumwa na mtu. Wengine tungeandika 52 tukalala.

Mkataba_Umeisha: Dada kasema kweli, ila na upande wa pili usikie. Nimekuwa mtafiti msaidizi miaka mitano, mikataba sita. Fedha za mradi zikiisha na wewe umeisha. Uzamili wa kujilipia usithubutu na wadogo hao. Tafuta ufadhili: chuo cha Nelson Mandela pale Arusha wanasomesha uzamili na uzamivu tu, ulizia nafasi zinazolipiwa na miradi. DAAD, wale Wajerumani wa ufadhili wa masomo, nao huangalia shahada yako isizidi miaka 6, kwa hiyo mwaka mmoja wa pikipiki haukufungii mlango.

Jambo moja la haraka: nakili daftari lako la maabara, na muulize msimamizi kama jina lako litakuwemo kwenye chapisho. Mimi sikuuliza. Nilikuja kukuta takwimu zangu zimeshachapishwa, jina langu halimo.

Kiroba77: Pole sana mkuu. Hiyo inauma.

Mtoto_wa_Cherehani: Asanteni sana. Daftari liko kwa msimamizi, kesho asubuhi nalifuata. Kampuni nimewaomba wiki moja. Jioni hii nimemwonyesha mzee picha ya anofelesi, mbu wa malaria, ametua ukutani, makalio juu. Akavua miwani, akaisogeza simu karibu, akauliza: "Huyu ni wa waliokufa au wa waliobaki?"