Naomba ushauri: simu moja, watoto wawili na video chafu za WhatsApp

Ndugu wanakikundi, salamu kutoka Migosi, Kisumu. Simu yangu ya Android ndiyo pekee nyumbani, na jioni binti yangu wa miaka 12 huitumia kwa kazi za shule, kisha mdogo wake hutazama katuni. Nimewasha SafeSearch, inayoficha matokeo machafu, kwenye Google, na katika mipangilio ya DNS ya faragha (huduma ambayo simu huitumia kutafuta anwani za tovuti) nimeandika family.cloudflare-dns.com, ambayo huzuia tovuti za ngono tukitumia bando au Wi-Fi. Hapo nimeridhika.

Tatizo ni WhatsApp, kwa kuwa kichujio hicho hakioni kinachotumwa ndani yake, na makundi ya watu wazima niliyomo (hata la chama, ajabu) hutuma video chafu. Nimezima upakuaji wa moja kwa moja, lakini kundi la darasa la binti yangu liko kwenye namba yangu, naye hajafikisha miaka 13 inayotakiwa ili awe na akaunti yake ya kawaida.

Je, mnafungaje makundi mengine yote na kuliacha hilo moja wazi? Na kwa kuwa nashuku ameshaona mojawapo, nianzeje kuzungumza naye bila kumtia aibu?