Mama anakuja kutoka Tanga, ana kisukari na goti bovu. Hafla ya vitamu na fataki Magic Kingdom inafaa au tunachoma hela?

BintiPongwe

Habari zenu wadau, na assalaam aleikum kwa wanaohusika.

Tuko Atlanta. Mama yangu anakuja kututembelea mwezi wa saba kutoka Tanga, na mume wangu ameng'ang'ania tumpeleke Orlando akaone fataki zinazopigwa usiku juu ya kasri la Cinderella pale Magic Kingdom, kile kiwanja cha burudani cha Disney. Kwenda hatubishani. Tunachobishana ni hafla ya vitamu, ile unayolipia mbali na tiketi ya getini: mnatengewa sehemu yenu, mnakula vikeki na vikorokoro vingine, na fataki mnazitazama bila kubanwa na umati.

Nimeona ziko za namna tatu. Moja mnakula kwanza, kisha mnapelekwa kwenye bustani iliyo mbele ya kasri kutazama. Nyingine mnatazama kwanza, kula baadaye. Ya tatu mnapewa meza pale Tomorrowland Terrace, mnakula na kutazama palepale. Kwa watu wazima watatu na mtoto wa miaka 6 tunakimbilia dola mia nne na ushei. Mdogo wa miaka 2 hajafika umri wa kulipiwa.

Sasa mama ana miaka 68, ana kisukari, anameza vidonge, na goti la kulia halimruhusu kusimama zaidi ya robo saa. Kumlipia mwenye kisukari dola mia na kitu akakae mbele ya meza ya keki naona kama tunamtania. Mume anasema mama hatakuja Marekani kila mwaka, nisihesabu senti.

Waliokwisha kwenda nisaidieni. Ipi kati ya hizo tatu? Vya kula vina shida gani kwetu Waislamu? Na kama kuna njia ya bei nafuu nitajieni, mwenzenu nitashukuru.

Mchaga_Mstaafu

Dola mia nne ule keki! Bei ya saruji unaijua wewe, kiwanda kipo hapohapo kwenu Pongwe. Mnunulieni mama bati.

KissimmeeKwetu

Mzee Mstaafu, bati mama atanunuliwa akirudi. Tumsaidie dada kwanza.

Mimi nakaa Kissimmee, kazi zangu ni za mahoteli ya huku, na wageni waliotoka kwenye hafla hizo nimewasikiliza sana. Waliotoka wamenuna karibu wote walidhani wamenunua chakula. Ukianza kupigia hesabu vikeki utaumia, maana hakuna tumbo la kula vikeki vya ukubwa wa kitumbua mpaka dola mia zirudi. Unachonunua pale ni ruhusa ya kutowahi. Onyesho lenyewe, Happily Ever After, huchukua kama dakika 18. Lakini wanaotaka nafasi nzuri mbele ya kasri hushika mahali saa nzima kabla, mwezi wa saba hata zaidi, wamesimama au wamekaa kwenye sakafu iliyopigwa jua mchana kutwa. Kwa hiyo la kuamua hapa ni goti la mama. Sukari inakuja baadaye.

Halafu kuna jambo wengi hulijua wakiwa wameshakaa. Fataki ni nusu tu ya onyesho. Nusu nyingine ni picha zinazomulikwa kwenye kuta za kasri, na tangu onyesho hilo liliporudishwa Aprili 2023 zinamulikwa hadi kwenye majengo ya Main Street. Zimepangwa kwa mtu anayelitazama kasri usoni. Tomorrowland Terrace iko pembeni, mkono wa kulia ukilielekea kasri. Ukikaa hapo, fataki za juu unaziona vizuri, kasri unaliona ubavu, picha unazipata nusunusu, na fataki za upande wa pili nyingine zinakupita. Kinachofidia kidogo ni Tinker Bell, yule binti wa mabawa anayeshuka kwa waya kutoka kileleni mwa kasri. Yeye anashukia upande wa Tomorrowland, kwa hiyo mjukuu atamwona vizuri.

Bustanini ni kinyume chake. Kasri mnaliona usoni kabisa, picha zote mnazipata, ila hakuna viti. Watu hujipumzisha kwenye nyasi za bandia, onyesho likianza wote wanasimama. Wenye miguu yao ningewaambia bustani bila kusita, tena ile ya kula baadaye, kwa sababu mkimaliza kula lile wimbi la kutoka linakuwa limepungua. Kwa mama ni meza ya Terrace, mkubali kasri la ubavu.

Kisauni_Girl

Mimi nitapinga kidogo. Sisi tulitazama bure, pale Main Street, nyuma kidogo, na tukaona picha zote mpaka zile za kwenye maduka. Watoto walikuwa mabegani. Mathe angekuwepo tungemkodishia kiti cha magurudumu pale mlangoni asubuhi, akae nacho siku nzima. Na kuna sehemu karibu na kasri imetengwa kwa walio kwenye viti vya magurudumu, hulipi chochote. Mbona mlipe mia nne?

Ama msiingie ndani kabisa. Kale chakula cha jioni kwenye hoteli ya Polynesian ng'ambo ya ziwa, halafu mtoke ufukweni mtazame kasri kwa mbali. Mchanga, upepo, mama atajiona yuko Raskazone kule Tanga.

KissimmeeKwetu

Sehemu ya viti vya magurudumu ipo kweli, ila nafasi ni chache na anayewahi ndiye anayepata, kwa hiyo kuwahi kuko palepale. Kiti chenyewe kodini au njooni na chenu hata kama mmelipia hafla. Magic Kingdom haitembeleki na goti bovu. Ukiegesha gari hauko getini, unavuka kwanza kwa kivuko au kwa monorail, ile treni ya reli moja, ndipo uanze kutembea.

Polynesian ni wazo zuri, ila kuegesha gari pale bila oda ya chakula au chumba ni shida. Na kwa mbali hivyo utaona fataki, picha za ukutani sahau.

BintiPongwe

Nimempigia mama nikamwelezea zote. Kajibu, "Mradi nisisimame na nisipotee." Keki hakuuliza hata.

Kisauni, Raskazone umenichekesha. Lakini mume anataka kasri, na ukimjua utaelewa kwamba anayetaka Disney zaidi ni yeye, mama kisingizio.

Mushi wa Bukavu

Dada, mimi nakaa Louisville, natokea Bukavu. Ku mambo ya keki sina neno, minataka kusema juu ya sauti. Mama yetu mukubwa alikuja huku, tukamupeleka kuangalia fataki za tarehe 4 mwezi wa saba. Zilipoanza tu, akashuka chini ya meza. Watu ba kwetu benye walipita mu vita, ile sauti haiko muchezo kwabo, hata kama ubaeleze mbele. Mama wa Tanga pengine hana ile shida. Lakini mutoto wa miaka 2 umununulie vile vya kufunika masikio, na umuvalishe mbele haiyaanza. Akishalia, atavitupa.

KissimmeeKwetu

Ndugu wa Bukavu amesema kweli, na hapo meza ina faida nyingine: mtoto akilia mnainuka mnasogea naye bila kuwakanyaga watu.

Hiyo tarehe 4 yenyewe ikwepeni, na siku za jirani yake pia. Umati ni wa kutisha.

Ukhty_Mkunazini

Wa aleikum salaam. Nikujibu la halali, naona limerukwa.

La kwanza jelatini. Vitu vyote laini vinavyotikisika, mousse, vile vya kunesanesa kama sponji, Marekani mara nyingi hutiwa jelatini ya nguruwe. Usikisie kwa macho. Unapobuki andika kwamba hamli nguruwe wala pombe, na mkifika mwombe mhudumu akuitie mpishi. Pale Disney mpishi kutoka kuzungumza na mgeni kuhusu chakula ni jambo la kawaida, usione haya. La pili, kwenye meza hizo huwa kuna bia na mvinyo kwa wakubwa, basi mtapishana nazo. Magic Kingdom ilikaa miaka mingi haiuzi pombe, walianza mwaka 2012 katika mkahawa mmoja, sasa zimeenea.

La tatu ni sala. Mwezi wa saba Orlando jua linazama saa mbili na dakika ishirini na kitu usiku, karibu na saa mnayopokelewa kwenye hafla. Nyinyi ni wasafiri, mkiwa hamkai siku nyingi mnayo ruhusa ya kuchelewesha Magharibi mkaisali pamoja na Isha hotelini. Asiyetaka hivyo, faida ya Terrace ni kwamba mama anasali akiwa amekaa kwenye kiti chake na hakuna anayemshangaa.

Na kisukari, bibi yetu huyo aje na vitafunio vyake. Chakula kutoka nje kinaruhusiwa getini, mradi si pombe wala chupa za kioo. Kwenye hafla huwa kuna matunda na jibini pia, halali jibini muulize yuleyule mpishi. Kubwa zaidi, asiingie na njaa. Mwenye kisukari aliyeshinda juani mchana kutwa kisha akakutana na meza ya keki saa tatu usiku, hapo ndipo matatizo. Ale chakula kamili mapema, apumzike penye kiyoyozi, kipimo cha sukari kiwe mkobani. Maji baridi ya kikombe kwenye vibanda vya vyakula wanatoa bure, ombeni.

Kisauni_Girl

Mousse nilikuwa sijui! Kumbe.

Ukhty, na zile Zebra Dome, vile vitamu vya mkahawa wa Boma wa hukohuko Disney?

Ukhty_Mkunazini

Zile zinatiwa Amarula, ile pombe. Ndiyo, hiyohiyo ya chupa yenye tembo. Tuziache zilipo.

Dereva_wa_Dallas

Mimi naona mnampeleka mama kutazama kasri la Wazungu wakati kuna mahali atacheka mpaka machozi. Disney's Animal Kingdom, kiwanja kingine cha Disney hukohuko, kuna kijiji kinaitwa Harambe. Kimejengwa kwa kuigiza mwambao wetu, Lamu hasa, kuta zimepauka, matangazo ya Kiswahili ukutani, na kibanda cha kuuza vitu baridi kinaitwa Tamu Tamu. Tamu Tamu, dada! Hapo ndipo hafla yako ya vitamu. Basi la safari linaitwa Kilimanjaro Safaris, unaona twiga na tembo wa kweli.

Kama tiketi ya siku ya pili ni nzito, nendeni mchana hoteli ya Animal Kingdom Lodge, mkahawa wa Sanaa. Huhitaji tiketi ya kuingia kiwanja chochote cha Disney. Unakula dirishani, nje pundamilia wanapita. Oda ya meza iwekwe mapema.

Mchaga_Mstaafu

Mtu atoke Tanga, apande ndege mbili, aende kuangalia twiga Florida?

Dereva_wa_Dallas

Mzee, wangapi Tanga wamewahi kumwona twiga? Mimi nimezaliwa Muheza, wa kwanza nilimwona nikiwa na ndevu.

Mchaga_Mstaafu

Hapo umenishinda.

BintiPongwe

Jamani nimecheka mbele ya bosi.

Nimekaa na mume. Tunachukua meza ya Terrace, siku za katikati ya mwezi, na Sanaa mchana wa kesho yake kabla hatujaanza kurudi Atlanta. Keki zangu na za mama atakula mume, amekubali kwa furaha isiyo ya kawaida. Kisauni samahani, bure yako nimeitamani ila goti limepiga kura.

KissimmeeKwetu, mawili ya mwisho. Nibuki lini? Na mvua ikinyesha?

KissimmeeKwetu

Nafasi hufunguliwa siku 60 kabla. Amka asubuhi siku hiyo, Terrace inawahi kujaa kwa sababu meza ni chache. Hakikisha saa ya fataki ya tarehe yenu, maana tangu Julai 2025 kuna pia gwaride la taa usiku na ratiba inasogezwa. Mnatakiwa kufika kama saa moja kabla. Ukiona wahudumu wanapanga meza kwa zamu, omba kwa upole meza ya upande wa kasri, mwambie una bibi. Hawaahidi, ila kuomba si kosa.

Mvua ya mwezi wa saba ni ya alasiri, radi kali, kisha mara nyingi inakatika kabla ya usiku. Radi au upepo ukigoma, fataki hazipigwi. Terrace ina paa, keki mtakula hata hivyo, kwa hiyo masharti ya kurudishiwa hela yasome kabla ya kulipa. Na msiiweke hafla usiku wenu wa mwisho Orlando. Iwekeni mapema, ili zikifutwa mpate usiku mwingine wa kurudi na kutazama kama Kisauni.

Mkimaliza msikimbilie kutoka na umati. Mwacheni mama akae. Maduka ya Main Street huendelea kuuza wakati watu wanapungua, na foleni ya kivuko nusu saa baadaye ni nyingine kabisa.

BintiPongwe

Sawa kaka. Kiti cha magurudumu cha kukodi pale mlangoni, kinavuka na sisi mpaka kwenye gari au tunakiacha?

KissimmeeKwetu

Kinarudishwa palepale mlangoni. Ndiyo maana nilisema mkiwa nacho chenu njooni nacho, kipande cha kutoka kivukoni hadi kwenye gari ndicho kirefu kwa mtu aliyechoka. Kama hamna, kampuni za kukodisha za hapa mjini zinaleta hadi hotelini mlikofikia.