Kufuma sweta si kupitisha muda: ndugu na marafiki, mmenichosha

Ndugu zangu, naomba mnivumilie, maana nimenyamaza vya kutosha. Mimi ni mkazi wa Njombe, ambako kuanzia Juni hadi Agosti mtu hatoki nje alfajiri bila sweta, na kwa miaka 12 sasa nimewafumia ndugu, majirani na marafiki sweta, kofia, soksi za watoto wachanga na vitambaa vya makochi, bila duka wala kibao mlangoni. Sikuwahi kudai utajiri kwa kazi hiyo. Jumapili iliyopita, hata hivyo, nilifika nyumbani kwa wifi yangu nikaikuta shali niliyomfumia mwanawe imetandikwa mlangoni, na wageni wanafutia matope.

Shali ile ilikuwa sehemu ya seti nzima, yaani sweta, kofia, soksi na shali, ambayo aliniomba akiwa na mimba ya miezi sita. Kwa kuwa mtoto angezaliwa katikati ya baridi, nilinunua kwa fedha yangu uzi wa sufu halisi badala ya akriliki, nikafuma usiku baada ya watu kulala, kwa muda wa wiki tano. Nilipomkabidhi nilimwambia mara tatu kwamba afue kwa maji ya baridi na asisugue, kwa sababu sufu ikikutana na maji ya moto na msuguano nyuzi zake hushikana, kitu husinyaa, na hakuna namna ya kukirudisha. Nilipouliza imekuwaje, alinijibu bila hata kuona haya: "Wifi, niliichemsha ikawa ngumu kama gunia. Utanifumia nyingine, si unafuma tu ukiwa umekaa?"

Nimekaa! Basi naomba tuhesabu pamoja huku kuketi kwangu. Kwa uzi wa unene wa kawaida na sindano za milimita 4, sentimita 10 za upana huchukua vitanzi 22, na sentimita 10 za urefu huchukua mistari 30. Sweta ya mwanamume mwenye kifua cha sentimita 110, yenye urefu wa sentimita 65, inahitaji vitanzi zaidi ya 40,000 kwa mbele na nyuma peke yake, hata ukitoa nafasi ya makwapa na shingo, na hapo sijagusa mikono wala kuunganisha vipande. Kitanzi kimoja kikiponyoka nisikione, nafumua mistari yote iliyo juu yake, wakati mwingine kazi ya usiku mzima, na hakuna anayenipa pole kwa sababu hakuna aliyeniona.

Yuko pia rafiki yangu aliyeleta uzi nusu akaahidi kuleta uliobaki mwisho wa mwezi. Nilimweleza kwamba uzi hutiwa rangi kwa mafungu, na kwamba bluu ya fungu moja yaweza isilingane na bluu ya fungu jingine hata kama namba ya rangi ni ileile, lakini hakunisikiliza. Alileta baada ya miezi miwili, mkono wa kushoto ukatoka na bluu yake, kisha akasimama mbele ya akina mama wenzetu wa jumuiya akasema kwamba siku hizi macho yangu yamepungua nguvu. Shemeji yangu naye alikataa kupimwa, akanituma nitumie vipimo vya shati lake la harusi, ilhali kila mtu aonaye anajua kwamba tumbo lile halikuwapo siku ya harusi. Habari za vitambaa vya makochi nisizianze, kwani mama mdogo bado ananidai viwili vya mikono ya kochi kana kwamba nilimkopa.

Kinachozidisha hasira yangu ni kwamba wapo wanaojua kutunza. Babu yangu mzaa mama ana sweta ya kijivu niliyomfumia mwaka 2016, na kila mwaka baada ya mavuno hupanda basi kuniletea niizibe viwiko, akiwa ameifua na kuikunja ndani ya gazeti. Mikono yake sasa ina kijivu cha aina tatu, kwa kuwa uzi wa awali ulikwisha zamani. Nimemwambia nimfumie mpya amekataa katakata, na mimi kazi ile siitozi hata senti wala sitaitoza. Kama mzee wa miaka 80 anaweza kufua sufu kwa maji ya mtoni ikadumu, kijana mwenye bomba ndani ya ua anashindwa nini?

Kwa hiyo, kuanzia kipupwe hiki, anayetaka sweta ataleta uzi wote kwa siku moja, atasimama apimwe kwa futi, na atalipia usiku wangu, awe ndugu au jirani. Babu peke yake ndiye hahusiki.

Ile shali niliiokota mlangoni pale nikaondoka nayo. Imeshikana kiasi kwamba haifumuki tena, lakini nimeiloweka, matope yametoka, na nitaikata niweke juu ya kigoda changu cha kufumia. Jana jioni wifi amenipigia simu kuuliza ni nani aliyechukua zulia lake la mlangoni. Nimemjibu kwamba ni mimi, na kwamba sirudishi.