Debian (Xfce): kompyuta iingie yenyewe bila nywila

duka_mwanga
Wakuu, habari za kazi. Kompyuta ya kaunta ya stesheneri hapa Mwanga, Kigoma, ina Debian (mfumo endeshi wa Linux) yenye Xfce (programu ya mwonekano wa skrini na madirisha). Umeme ukikatika ukarudi, inawaka yenyewe vizuri ila inakwama kwenye kuomba nywila, na kijana wa zamu hana. Nimeongeza autologin-user=duka kwenye /etc/lightdm/lightdm.conf (faili la mipangilio ya LightDM, programu inayoonyesha skrini ya kuingia), mstari wa kwanza chini ya [LightDM]. Bado inagoma.

fundi_ujiji
Umeuweka chumba cha jirani, mkuu. Chini ya [LightDM] mstari huo haufanyi kazi. Shuka mpaka [Seat:*], utaukuta tayari una alama ya # mbele, inayouzima. Itoe hiyo #, usiache nafasi, isomeke:

[Seat:*]
autologin-user=duka
autologin-session=xfce

"duka" liwe jina la akaunti, si lile refu linaloonekana kwenye skrini. Andika whoami ukiwa ndani ya akaunti hiyo, utalijua. Jina la sesheni (hapo xfce) litoe kwenye /usr/share/xsessions, bila .desktop.

Kabla ya kuwasha upya, endesha `lightdm --show-config` kama root (msimamizi mkuu wa mashine) uone kama mistari yote miwili imesomwa. Usikimbilie `systemctl restart lightdm` mchana: inafunga kila kilichofunguliwa, na CV ya mteja ambayo haijaseviwa inapotea. Ukikwama kwenye skrini nyeusi, Ctrl+Alt+F3, ingia kwa maandishi, urudishe #.

mnyamwezi_debian
Nyongeza kutoka Tabora: akaunti hiyo isiwe na sudo (ruhusa ya kutoa amri za msimamizi). Kaunta ya stesheneri hujaa skani za vyeti na vitambulisho vya watu, na sasa yeyote atakayebonyeza swichi yuko ndani. Na kama diski ilisimbwa (encryption) wakati wa kusakinisha, nywila ya diski itaombwa tu, maana hiyo inakuja kabla LightDM haijaamka.

duka_mwanga
Imekubali, asanteni. Diski haijasimbwa. Ila Chrome sasa inadai nywila ya "keyring" (hifadhi ya nywila za programu) kila ikifunguliwa.

fundi_ujiji
Hiyo ni kawaida. Zamani nywila uliyoandika wakati wa kuingia ndiyo iliyofungua na keyring; sasa hakuna anayeiandika. Fungua Seahorse (programu ya kusimamia keyring), bofya kulia kwenye "Login", badilisha nywila, ile mpya iache tupu. Ubaya wake, nywila zilizohifadhiwa humo zinabaki wazi kwenye diski, kwa hiyo baruapepe ya bosi isifunguliwe kwenye mashine hiyo.