Ncha za mizizi ya kitunguu: mbona mitosisi sioni?

Praktiko_Kesho: Wakuu habarini. Naandaa praktiko ya mitosisi, yaani mgawanyiko wa seli, kwa wanafunzi wa sekondari. Nimekata vipande vya mizizi ya kitunguu maji, sentimita 1 kila kimoja, nikaviloweka kwenye iodini dakika 5, nikafunika na kubonyeza. Kwa lenzi ya 40 naona rundo la seli za njano, ndefu, zimepandana. Kromosomu hakuna hata moja. Maabara ina asidi hidrokloriki, spiriti, siki, na GV (jentiani vayoleti, dawa ya rangi ya zambarau) ya duka la dawa. Asetokamini, ile rangi ya kukoleza kromosomu, hatuna. Nakosea wapi?

Kibano: Mkuu, kosa la kwanza ni hiyo sentimita. Seli zinazogawanyika zimejazana kwenye milimita 1 hadi 2 za mwisho, nyuma tu ya kofia ya mzizi. Juu ya hapo seli hurefuka tu, na hizo ndefu ulizoziona ndizo zenyewe. Ncha yenyewe utaitambua kwa weupe wake uliokolea, kwa sababu seli zake ni ndogo na zimejaa saitoplazimu badala ya vakuoli kubwa.

Asidi pia hukutumia. Seli za mmea zimegandamana kwa pektini, kama gundi, na pektini isipoyeyuka utabonyeza mpaka kioo kivunjike na seli bado zimepandana. Iodini nayo inatosha kwa ngozi ya ndani ya kitunguu, pale unapoonyesha ukuta wa seli na kiini, ila kromosomu haizikolezi.

Wembe_Mpya: Fanya hivi. Ondoa mizizi mikavu ya zamani bila kuchubua kitako, kishikize kitunguu kwa njiti za meno juu ya glasi ili kitako tu kiguse maji, na maji ubadilishe kila siku. Otesha vitatu au vinne, kimoja kinaweza kugoma. Siku ya 2 hadi ya 4 mizizi huwa na sentimita 1 au 2.

Asidi hidrokloriki iwe ya ukali wa molari 1. Kama mliyo nayo ni ile kali ya takriban molari 12, pima maji mililita 110 kwanza, kisha mimina asidi mililita 10 humo taratibu. Usigeuze mpangilio huo, na miwani ivaliwe. Weka mrija wa asidi ndani ya maji ya moto ya nyuzijoto 60, tumbukiza ncha dakika 5. Zikikaa zaidi ya 10 zinasambaratika ukizigusa. Osha kwa maji mara 3. Usiliruke hilo, maana asidi ikibaki, GV hugeuka kijani na rangi haishiki.

GV dakika 2 au 3, osha tena. Weka ncha kwenye slaidi na tone la maji, bakiza milimita 2 za mwisho, nyingine tupa. Zitawanye kwa sindano, funika, weka karatasi laini juu, bonyeza kwa dole gumba wima. Kioo kikiteleza pembeni, seli zinajiviringisha na umeharibu slaidi.

Praktiko_Kesho: Asante sana. Siki inaweza kuzihifadhi ncha mpaka kesho?

Kibano: Hapana. Siki ya dukani ni asidi ya asetiki kiasi cha asilimia 5, iliyobaki ni maji. Kinachotakiwa ni spiriti sehemu 3 kwa asidi ya asetiki isiyo na maji sehemu 1, ncha zikae humo usiku kucha. Kama hiyo hamna, kata ncha asubuhi ya praktiko na uzipeleke moja kwa moja kwenye asidi moto. Zinafanya kazi.

Seli_Moja: Niongeze kwamba GV ikizidi, slaidi nzima inakuwa zambarau tupu. Ipunguze kwa maji, jaribu kwa ncha moja kwanza. Na waambie wanafunzi mapema kuwa seli nyingi zitakuwa interfezi, yaani seli imepumzika.

Kibano: Hapo pa kupumzika nakataa, mkuu. Interfezi ndipo DNA inaponakiliwa na seli inapokua. Kromosomu hazionekani kwa sababu bado ni nyuzi nyembamba zilizotawanyika ndani ya kiini. Mwanafunzi akiandika "inapumzika" anastahili kukosa alama.

Seli_Moja: Sawa, nimekosea neno.

Wembe_Mpya: Suala la hesabu nalo huwavuruga. Kitunguu maji kina kromosomu 16. Kwenye hatua ya metafezi zimejipanga katikati ya seli, bado ni 16, lakini kila moja ina kromatidi 2, yaani nakala mbili zilizoshikana. Kwenye anafezi, hatua inayofuata, kromatidi zimeachana, kwa hiyo seli ina 32 kwa muda, 16 zikielekea kila upande. Wasichore sentrioli (vile vijiti vidogo vya seli ya mnyama), kitunguu hakina. Na kwenye telofezi, hatua ya mwisho, seli haibanwi kiunoni kama ya mnyama: bamba la seli hujengwa kuanzia katikati kwenda kingoni, kwa sababu ukuta mgumu haukunjiki.

Anza na lenzi ya 10, tafuta eneo lenye seli ndogo za mraba, ndipo uende 40. Profezi, yaani hatua ya kwanza, zitakuwa nyingi kuliko anafezi kwa kuwa hatua hiyo huchukua muda mrefu zaidi. Kila kundi lihesabu seli 200: zikipatikana 16 zinazogawanyika, hiyo ni asilimia 8. Kundi likileta sifuri, liulize limekata wapi kabla ya kulaumu hadubini.