Mtoto wa mkata mkonge atafika Mambo ya Nje?

BintiPongwe
Wakuu, habari za leo. Nimemaliza kusoma kumbukumbu za Fiona Hill, yule mtaalamu wa Urusi aliyefanya kazi Ikulu ya Marekani 2017 hadi 2019. Kazaliwa 1965 Bishop Auckland, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alichimba makaa ya mawe. Migodi ilipofungwa akawa mhudumu wa hospitali. Ndiye aliyemwambia binti yake kwamba pale hapana chake, aondoke.

Nikamsikia marehemu baba. Yeye alikata mkonge, mama akianika singa pale korona, yaani kiwanda cha kusindika mkonge, hadi viganja vikakakamaa. Kamba za nailoni zikaua soko, kambi yetu sasa ni mapagala.

Mdogo wangu yuko kidato cha sita, HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), anataka diplomasia. Majirani wanamvunja moyo, eti nafasi zile ni za watoto wa wakubwa. Asiye na mtu serikalini anaanzia wapi?

MzeeMuheza
Mwanangu, nimestaafu wizara hiyo hiyo, na baba yangu alikuwa mkulima wa machungwa. Majirani wasimtishe.

Huyo mama alivushwa na Kirusi. Makombora ya nyuklia yakiwa gumzo Ulaya, ndugu mmoja wa familia alimshauri ajifunze lugha ya upande wa pili. 1987 akaenda kusoma Moscow, na huko profesa wa Kimarekani akamtajia ufadhili wa Harvard. Basi mdogo wako ashike Kireno. Msumbiji na Angola ni wenzetu SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na miaka yangu yote wizarani waliokimudu walikuwa wa kuhesabu. Chuo cha Diplomasia pale Kurasini chenyewe kilianzishwa 1978 na sisi pamoja na Msumbiji.

MwalimuChumbageni
Shikamoo mzee. Lugha sawa, ila na pesa tuiseme. Enzi za huyo Hill Uingereza mwanafunzi hakulipa ada ya chuo kikuu, na mtoto wa kipato cha chini alipewa posho juu. Huku kwetu ni mkopo. Dada, umesema baba ni marehemu: cheti cha kifo kihakikiwe RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, mapema, kabla dirisha la Bodi ya Mikopo halijafunguliwa. Nimeona vijana wangu wenye ufaulu mzuri wakikwama hapo, inaniuma mno.

BintiPongwe
Shikamooni, na asanteni sana. Cheti kipo kwa mama, nakishughulikia wiki hii. Mwenye kumjua mwalimu wa Kireno hapa Tanga mjini aniandikie, hata kama ni wa jioni tu.