Kalipa ya mbele inacheza, na Alhamisi nampeleka mama Ndanda

Mama Nasra, Rahaleo (Lindi)

Habari zenu ndugu zangu. Nina Toyota Raum, na kazi yake kubwa ni kumpeleka mama kliniki Ndanda kila mwezi. Ana kisukari na kidonda mguuni, basi la kusimama hawezi.

Wiki mbili zilizopita nilibadilisha pedi za breki za mbele kwenye gereji moja hapa mjini. Safari iliyofuata, tulipofika kwenye matuta ya Mtama, nikasikia ko-ko-ko mbele kushoto. Kwenye lami iliyotulia, kimya. Nikigusa breki kidogo tu mlio unakatika, nikiachia unarudi. Mama ndiye alianza kusema, "Mwanangu, hilo gurudumu linagonga."

Jana jirani kanipigia jeki, tukatoa tairi. Kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, nimeishika kwa mkono mmoja ikacheza, inakwenda na kurudi kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Nikarudi gereji. Kijana kasema nyuzi za bolti, ile mistari yake ya kukazia, zimeliwa, atazungushia nailoni kwenye bolti akaze, halafu afunge waya kwa juu, "utatembea hata mwaka."

Kliniki ni Alhamisi. Naweza kwenda hivyo taratibu nikatengeneze nikirudi? Roho yangu haijatulia.

Dereva wa Newala

Dada yangu, usiende. Pole sana kwa kuuguza, lakini usimpakie mama kwenye gari hiyo.

Mimi nilifungiwa waya hivyo hivyo kwenye Probox, msimu wa korosho, nikaambiwa nitafika. Nilikuwa nashuka mteremko wa Newala kwenda Masasi na mzigo. Bolti ya chini ikatoka, kalipa ikapinduka ikagonga rimu kwa ndani, mpira wa mafuta ya breki ukakatika. Nilisikia mlio kama mtu anakata bati. Pedali ikazama. Breki iliyobaki ilikuwa ya mzunguko wa pili wa mafuta, gurudumu moja la mbele na moja la nyuma, na gari ikawa inavutia upande mmoja. Nikapunguza gia, nikavuta handibreki kidogo kidogo, nikaingia kwenye mchanga pembeni. Nilipofungua mlango miguu haikuwa na nguvu ya kushuka.

"Taratibu" haisaidii. Kila ukikanyaga breki, nguvu ya kusimamisha gurudumu hilo inapita kwenye zile bolti. Alhamisi kodi gari.

Fundi wa Chikongola (Mtwara)

Shikamoo mama. Aliyokueleza kaka hapo juu ni kweli tupu. Nailoni kwenye bolti ya breki haikubaliki. Breki zikipata moto inalainika, na hata ikiwa baridi haishiki chochote.

Sasa kabla hujatoa hela, tujue kinachocheza ni nini. Kuna bolti za aina mbili pale. Ndogo mbili zinashika kalipa kwenye pini zake za kuteleza. Kubwa mbili, ukichungulia kwa nyuma utaziona vichwa vyake vinatazama ndani kwenye injini, zinashika braketi, yaani chuma kinachobeba kalipa. Kalipa kuteleza kidogo kwenye pini, kuingia na kutoka, ni kawaida yake, ndivyo ilivyotengenezwa. Lakini braketi haitakiwi kusogea hata kidogo. Shika braketi yenyewe, siyo kalipa, uitikise. Ikicheza, tatizo ni bolti kubwa.

Mlio kukatika ukigusa breki unaonyesha pedi na kalipa zinabanwa kwenye diski zinatulia. Ungekuwa mpira wa stabilaiza au bol-joint, vyuma vya chini vya kubebea gurudumu, kugusa breki kidogo kwa kawaida kusingenyamazisha hivyo.

Na hili ni muhimu: ukiambiwa nyuzi zimeliwa, uliza zimeliwa wapi. Kwenye Toyota ndogo nyingi bolti kubwa inapita tu kwenye chuma kinachobeba beringi ya gurudumu, na nyuzi zenyewe zimo ndani ya braketi. Maana yake unabadilisha braketi peke yake. Nimeona watu wameuziwa mguu mzima wa gurudumu kwa tatizo la braketi, na inaniuma.

Zifungue bolti kubwa zote mbili uzilaze pamoja uniambie.

Mama Nasra

Marahaba fundi. Nimetikisa braketi, inacheza. Bolti ya juu ilikuwa imelegea mpaka nimemalizia kuitoa kwa vidole.

Tumezilaza kwenye gazeti. Hazifanani! Ya chini ni spana ya 17, nyeusi, ina kutu kidogo. Ya juu ni spana ya 19, inang'aa, na mistari ya nyuzi zake imeachana zaidi. Kwenye nyuzi zake kuna vumbi la chuma kama unga wa dona.

Fundi wa Chikongola (Mtwara)

Basi tumempata. Bolti yako ya asili ilipotea siku ya kubadilisha pedi, na mtu akachukua nyingine kwenye kopo la bolti. Unene sawa, mwachano wa nyuzi tofauti. Imeingia kwa kulazimishwa, ikala nyuzi za braketi, na huo unga ndio nyuzi zenyewe.

Tafuta braketi ya Raum iliyotumika pamoja na bolti zake mbili za asili. Lindi ukikosa, agiza Mtwara au Dar, inakuja kwa basi. Ikifika, fundi aingize bolti kwa vidole kwanza mpaka karibu na mwisho, ndiyo ashike spana. Bolti kubwa kwenye gari za saizi hiyo hukazwa karibu Nm 100 (kipimo cha nguvu ya kukaza), ndogo huwa thelathini na kitu tu, kwa hiyo asizivute zote kwa nguvu moja. Kama ana gundi ya kuzuia bolti isilegee, atie tone.

Wakati wa kazi kalipa isiachwe ikaning'inia kwenye mpira wa breki. Hapo sasa waya una kazi yake, aifunge kwenye springi. Pini apake grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya beringi huvimbisha raba zake, pini zinakwama. Mpira aukague kama umechubuka, na akimaliza ukanyage pedali mpaka iwe ngumu kabla hujasogeza gari.

Mama Nasra

Narudi na majibu. Alhamisi tulikwenda na gari ya shemeji. Braketi imekuja kwa basi kutoka Mtwara, elfu thelathini na tano pamoja na bolti zake. Nimemwita fundi mwingine, mtu mzima wa Mtanda, nikamsomea maelezo yako neno kwa neno naye akayakubali. Bolti zimeingia kwa vidole kama kifuniko cha chupa. Raba moja ya pini ilikuwa imepasuka, kaibadilisha.

Leo nimekwenda mwenyewe mpaka Mtama na kurudi, madirisha wazi. Kimya. Nimerudi nyumbani nikatoa tairi tena, braketi haisogei.

Ile bolti ya 19 nimeifunga kwenye kitambaa. Kesho nampelekea yule kijana wa gereji, aione na huo unga wake, maana gari nyingine za watu zinaingia pale kila siku.